Mtoto wa Meza Kuu

Nianze kwa kusema kwamba mimi na ile meza hatuna ugomvi. Meza haijanikosea. Ugomvi wangu ni na watu watatu waliokaa nyuma yake asubuhi nne za wiki moja, mchana kweupe, wazima wa akili na kila mmoja ana watoto kwake, wakiisomea droo hadithi.

Mimi ni mhudumu wa chumba cha watoto maktabani. Kila siku saa nne asubuhi nakaa kwenye kiti changu kifupi, watoto ishirini wanakaa mkekani, nawasomea kitabu cha picha. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na saba na sioni haya kusema naiweza. Nikisoma sauti ya simba, watoto wa mstari wa mbele wanarudi nyuma wenyewe. Wasoma magazeti wa ghorofani wananisikia, na wameshaleta malalamiko ya maandishi mara mbili. Waache walalamike, wao magazeti yao hayana simba.

Vitabu vipya huletwa mara moja kwa mwaka. Muuzaji anatuachia boksi la nakala za kuangalia, kamati inachagua, na visivyochaguliwa vinarudi ndani ya boksi, boksi linarudi kwake. Hauzi kimoja kimoja na dukani haviweki, tulishamwomba akakataa. Zamani kamati ilikuwa inaniita mimi. Nasema hiki ndiyo, hiki hapana, hiki kampeni asiyependa watoto, tunakunywa chai tunatawanyika. Mwaka huu ukaja waraka.

Waraka ulitoka kwa mkurugenzi, aliyeutia sahihi siku ya safari na kuondoka miezi mitatu. Nilikutana naye kwenye ngazi ana begi mkononi, akaniambia mwenyewe: safari hii tuwasikilize watoto, tusijifanye tunajua. Nikamwambia wazo zuri. Kwenye rasimu yake, niliyokuja kuiona baadaye, aliandika hivi: "Kila kitabu cha picha kisomewe mtoto. Wa meza kuu wasikilize na kuamua." Sentensi mbili, hazina kasoro.

Bahati mbaya mashine ya katibu ina kitufe cha nukta kinachogoma kinapojisikia. Siku hiyo kiligoma. Katibu naye, mama mmoja makini sana, akaona herufi kubwa imekaa katikati ya sentensi bila sababu, akaisahihisha. Waraka ukatoka unasema: "Kila kitabu cha picha kisomewe mtoto wa meza kuu wasikilize na kuamua."

Sasa, sisi wengine tunasema droo, lakini wakubwa wa ofisi bado wanaiita kwa jina lake la heshima, mtoto wa meza. Na mwenyekiti wetu wa kamati ni mkubwa wa ofisi kuliko ofisi yenyewe. Tunamwita Kanuni. Aliusoma waraka mbele yetu mara mbili, akavua miwani, akaitazama meza kubwa ya chumba cha mkutano. Ina mtoto mmoja tu, upande wa kulia, mwenye mpini wa shaba.

Nilicheka. Nikatazama pembeni nikaona nacheka peke yangu.

"Hapa palikuwa na nukta," nikasema.

"Iko wapi?" Kanuni akauliza.

"Haipo. Ndiyo maana nasema ilikuwepo."

"Mama, siwezi kuongeza nukta kwenye waraka wa mkurugenzi. Leo nimeongeza nukta, kesho nitaongeza sahihi yake."

"Basi mpigie simu umuulize."

"Waraka unasema tusikilize. Hausemi tupige simu."

Mjumbe wa tatu ni mtunza stoo, mtu wa watu ila njaa inamtawala. Alisema hana shida na utaratibu wowote mradi uishe kabla ya saa sita.

Basi Jumatatu wakaanza. Katibu aliivuta droo, akatoa stepla, gundi, na muhuri wa zamani uliokauka, akaipangusa kwa kitambaa. Akavaa miwani, akainama, akasoma kitabu kizima kwa sauti ndani ya ile droo. Alipomaliza pakawa kimya. Kanuni akasogeza sikio. Mtunza stoo akasogeza sikio, kwa adabu tu. Mimi nilisimama mlangoni nimekunja mikono.

"Amesemaje?" Kanuni akauliza.

"Hajasema," katibu akajibu.

"Tutajuaje kama amekipenda?"

Mtunza stoo akatazama saa ya ukutani, akapata akili. Alichukua kitabu, akakilaza ndani, akaisukuma droo kwa kidole kimoja. Ikafunga. "Amekipokea," akasema. Walipojaribu kitabu cha pili, kipana kidogo, droo ikakwama. "Hiki amekikataa." Katibu akaandika yote mawili, na kuanzia hapo huo ndio ukawa utaratibu.

Mnaona wenyewe matokeo yake. Kitabu cha picha kizuri ni kikubwa. Lazima kiwe kikubwa, ili watoto wawili wakilalie kifudifudi, kila mmoja na upande wake, na wa tatu achungulie katikati. Vyote vikubwa vikakataliwa. Vilivyopita ni vile vyembamba, vidogo, visivyo na mbele wala nyuma. Kimoja kina mtoto anapiga mswaki kurasa kumi na mbili. Kingine kina sungura ambaye hafanyi kitu chochote, anashukuru tu. Kimoja kilichopita haraka kuliko vyote, kimekwenda chwi mpaka ndani, hakikuwa hata cha muuzaji. Kilikuwa karatasi ya maelekezo ya pasi ya umeme, mtu aliisahau mezani. Ina picha, ni nyembamba, mtoto ameipokea. Nililetewa imepigwa muhuri.

Nikawasomea. Mngetaka nifanye nini? Watoto ishirini walijifunza usiizamishe pasi ndani ya maji. Mmoja akauliza pasi iliyakosea nini maji. Siku ya pili walikuja kumi na mmoja.

Jumatano mvua ilinyesha, mbao ikavimba, droo ikagoma kufunguka kabisa. Kanuni aliahirisha kikao. Nimeusoma muhtasari kwa macho yangu, umeandikwa: "Mtoto hakuwa vizuri kutokana na hali ya hewa." Mtunza stoo aliisugua kwa nta ya mshumaa jioni nzima, na katibu akamuuliza kwa upole kama mtoto amepata nafuu. Hapo ndipo nilipojua hawa hawatanii.

Ningeyavumilia haya. Nimekula chumvi nyingi, nimeona nyaraka zikija na kupita. Lakini ndani ya lile boksi kulikuwa na kitabu kimoja, na kile kitabu ndicho kilichoninyima raha.

Nina mjukuu, ana miaka mitatu na miezi. Jina lake la nyumbani ni Chiriku, tulimpa kwa sababu alikuwa haishiwi maneno. Alikuwa anaongea anakula, anaongea anaoga, akilala unamsikia anamalizia. Mama yake, binti yangu wa mwisho, alipata kazi nchi ya mbali akaniachia. Siku ile ile mama mtu alipopanda gari la kwenda uwanja wa ndege, Chiriku alinyamaza. Wiki hiyo ulikuwa mwezi wa saba. Mama yake akipiga simu, mtoto anaishika, anaisikiliza, anaitikia kwa kichwa, na simu haioni kichwa. Daktari alimwangalia masikio, akamwangalia koo, akasema kila kitu kiko sawa, ana maneno ila hana haraka ya kuyatoa. Binti yangu analia kule, mimi nalia huku, halafu nafuta uso nakwenda kazini naye, kwa kuwa nyumbani hakuna wa kumwangalia.

Nimefanya kila kitu. Naongea naye asubuhi mpaka jioni. Namsimulia ninavyopika, namsimulia ninavyofua, namuuliza swali, namjibia, namuuliza jingine. Hakuna mtoto aliyesemeshwa zaidi ya huyu chini ya jua.

Kile kitabu alikitoa kwenye boksi mwenyewe. Ni kikubwa kama sinia. Kinahusu chura na kiboko wanaocheza kujificha. Chura anatafuta. "Chura akatazama nyuma ya ufagio. Kiboko hayupo." Na kwenye picha kiboko yupo, mzima mzima, ufagio umemfunika pua tu. "Chura akatazama kwenye kamba ya nguo. Kiboko hayupo." Na kiboko ananing'inia kati ya mashati, amebanwa vibanio masikioni. Kitabu kizima ni hivyo. Maneno yanasema moja, picha inasema jingine, na aliyetengeneza hivyo Mungu amzidishie.

Siku kumi Chiriku hakukiachia. Na kila tunapofika kwenye ule ufagio, nilikuwa naona midomo yake inaachana kidogo. Namsaidia haraka: "Kiboko yuko wapi? Si yule pale nyuma ya ufagio! Sema ufagio, mama, sema u-fa-gio!" Midomo inafunga. Tunafungua ukurasa mwingine. Inaachana tena, namsaidia tena.

Nilijua kitu kimoja tu: kile kitabu kikirudi kwa muuzaji, na hiyo midomo inarudi nayo. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yake ya kusomewa droo, na Ijumaa hiyo hiyo mchukuzi wa muuzaji alikuwa anakuja kuchukua boksi. Nilikuwa nimeshapima kwa vidole. Kitabu kinaizidi droo vidole vinne.

Alhamisi nilimwendea fundi seremala wa maktaba nikamwomba airefushe droo. Akasema hawezi kumrefusha mtoto bila barua. Nikaondoka kabla sijamtukana.

Ijumaa nikaingia kikaoni na Chiriku mgongoni. Mchukuzi alishafika, amekaa juu ya boksi lake karibu na mlango anangoja. Katibu akaivuta droo, akainama, akaanza. Alipofika kwenye ufagio, mtunza stoo akachungulia.

"Si huyu hapa?" akasema.

"Maandishi yanasema hayupo," katibu akasema.

"Lakini namwona. Ana tumbo lote nje."

"Basi kitabu kinafundisha uongo," katibu akasema, na akaonekana ameumia kweli.

"Hilo si letu," Kanuni akasema. "Mtoto ndiye ataamua."

Wakakilaza. Droo ikaenda nusu, ikagonga. Mtunza stoo akakigeuza upande, ikagonga. Akakisimamisha, droo haikusogea kabisa. Kanuni akaacha muda upite, kwa haki, kisha akamwambia katibu aandike. Katibu akaandika "amekikataa". Mchukuzi akainuka, akafungua boksi, akanyoosha mkono.

Sijui mwili uliamua lini. Ninachokumbuka ni kwamba nilimfungua Chiriku mgongoni nikamkalisha pale mezani, katikati, juu ya waraka wenyewe, miguu inaning'inia.

"Huyu ni nini?" nikamuuliza Kanuni.

"Ni mjukuu wako."

"Ni mtoto au si mtoto?"

"Ni mtoto."

"Amekaa wapi?"

Nilimwona Kanuni anaanza kutoka jasho pembeni ya pua.

"Amekaa kwenye meza kuu," nikasema. "Ni mtoto, na ni wa meza kuu. Waraka haukusema wa mbao. Niambie nimekosea wapi, na mimi nitachukua mkoba wangu niende nyumbani."

Aliusoma waraka, ile sehemu isiyokaliwa. Akauzunguka. Nataka nimtendee haki: yule mtu hakuwa mbaya, na pale nilimwona amefurahi, kama mtu aliyeonyeshwa mlango kwenye nyumba aliyoishi siku zote. "Kwa hiyo," akasema polepole, "meza hii ina watoto wawili." Akamgeukia katibu. "Wa kwanza amekataa. Wa pili hajasomewa. Hatuwezi kufunga kikao."

Mtunza stoo akaitazama saa akafumba macho.

"Nipeni nisome," nikasema, na mkono nimeshanyoosha.

"Wewe ni bibi yake," Kanuni akasema. "Utamvutia upande wako. Na katibu ameshasoma, amesema kitabu ni cha uongo, ameshaegemea. Nitasoma mimi."

Jamani, yule mtu hajui kusoma kitabu cha watoto. Alianza na anwani ya mchapishaji. Akasoma na haki zote zimehifadhiwa, kwa sauti ya kutangaza msiba. Nikamwambia angalau amgeuzie mtoto picha, asijisomee peke yake. Akatii. Akakishika kitabu mbele ya kifua chake kimemwelekea Chiriku, akawa anachungulia maneno kwa juu, kichwa chini miguu juu, herufi moja moja. Picha haoni kabisa. Nilishika kiti nisianguke kwa hasira.

"Ukurasa wa kwanza," akasema. "Chura akafumba macho. Akahesabu mpaka kumi."

Chiriku anamtazama.

"Ukurasa wa pili. Chura akatazama nyuma ya ufagio." Akakohoa. "Kiboko hayupo."

Alilisema kama taarifa. Aliliamini. Alikuwa mtu mzima amesimama na kiboko mzima mikononi mwake, anatuambia kiboko hayupo. Akangoja, kwa sababu alikuwa anatafuta mahali pa kufungulia ukurasa na vidole vyake vilikuwa vikavu.

Chiriku akaitazama picha. Akamtazama Kanuni. Akaitazama picha tena. Midomo ikaachana.

Nami nikafungua mdomo. Nakiri. Siku kumi nimeisema ile sentensi, ilikuja yenyewe. "Si yule pale nyuma ya u—"

Kiganja kikanifunika mdomo. Kidogo, cha moto, kina gundi ya yale makorokoro ya droo, aliyokuwa akiyachezea pale mezani.

"Nyamaza, Bibi," Chiriku akasema. "Wewe unajua. Huyu hajui."

Sauti ilikuwa nzito kidogo kuliko niliyoikumbuka, imekwaruza, ya mtu aliyeamka. Katibu aliacha kalamu ikabingirika mpaka ukingoni ikaanguka, hakuinama kuiokota.

Kwa mkono wake mwingine mtoto akamgeuzia Kanuni kitabu, akaweka kidole juu ya tumbo la kiboko.

"Yupo," akamwambia, polepole, kama unavyomwelekeza mgeni.

Kanuni akaiweka sawa miwani. Akainama karibu sana. "Kumbe," akasema. Akafikiri kidogo. "Na kwenye kamba ya nguo?"

"Fungua."

Akafungua. Akasoma kwamba kiboko hayupo, na safari hii akamtazama Chiriku kabla ya kumaliza neno. "Yupo," Chiriku akasema, "amebanwa masikio, anaumia." Mtunza stoo alikuwa amezunguka meza amekuja kuona. Mchukuzi naye alikuwa amesogea, boksi kalisahau mlangoni, na Kanuni akamwambia bila kuinua kichwa: "Hicho hakirudi."

Nilikuwa na maneno, nyie. Nilikuwa na miezi saba ya maneno. Nilitaka kumwita binti yangu kwa jina kutoka pale pale nilipo, nilitaka kumwambia mtoto aseme tena, aseme ufagio, aseme chochote. Machozi yalikuwa yanateremka mpaka kwenye vidole vyake. Kile kiganja hakikutoka mdomoni mwangu mpaka kitabu kilipokwisha, na mimi sikukitoa.